Mbalanga Haichagui Taifa

Posa inapoletwa nyumbani kuna swali ambalo wazee huulizana kwa sauti ya chini: "Yule binti ana mbalanga. Je, si ugonjwa wa ukoo wao?" Wengine husema ni ugonjwa wa sisi watu weusi tu, wengine husema ni laana, na wako wanaoudhania ukoma. Kwa maneno hayo posa huvunjika, na mtoto huachwa peke yake kwenye benchi la shule. Basi yafaa tujue ukweli.

Mbalanga, ambayo madaktari huiita vitiligo, ni mabaka meupe yanayotokea pale chembe zinazotia ngozi rangi zinapokufa. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa mwenye mbalanga askari hao hukosea adui, wakazishambulia chembe za rangi. Ugonjwa huu hauletwi na kijidudu, kwa hiyo hauambukizi, hata mkila sahani moja na kulala kitanda kimoja.

Je, ni watu gani wanaopatwa? Ni watu wa mataifa yote, weusi kwa weupe, waume kwa wake. Katika nchi nyingi hesabu haizidi watu 20 katika kila 1,000. Katika kisiwa cha Bornholm, nchi ya Denmark, hesabu iliyotangazwa mwaka 1977 ilionyesha watu kama 4 katika kila 1,000, na hao ni Wazungu. Katika jimbo la Gujarat, India, iko hesabu iliyokaribia watu 9 katika kila 100. Lakini huenda humo wamehesabiwa pia waliopoteza rangi kwa sababu ya kemikali, maana ziko kemikali za gundi na mpira zinazoua rangi ya ngozi.

Mbona basi twadhani ni ugonjwa wetu? Ni kwa sababu baka jeupe juu ya ngozi nyeusi huonekana toka mbali. Kwa Mzungu huenda lisionekane mpaka jua kali liibadilishe ngozi inayolizunguka. Asiyeliona haendi hospitali, na asiyekwenda hahesabiwi.

Urithi nao una sehemu yake, lakini si wote. Mapacha wa kufanana wana urithi ule ule. Hata hivyo, mmoja akipatwa, mwenzake hupatwa mara 23 tu katika 100. Basi ukoo usihukumiwe kwa ngozi ya mtu mmoja.

Na ukoma je? Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, wala si jeupe kabisa. Baka la mbalanga huhisi kama ngozi nyingine. Ukiwa na shaka, nenda zahanati upimwe mapema, kwani ukoma nao unapona kwa dawa. Hata katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13, kuhani aliagizwa apambanue: mwenye vipaku vyeupe vilivyofifia alitangazwa kuwa safi.

Karibu nusu ya wenye mbalanga huanza kabla ya kutimiza miaka 20. Wengine huanza wakiwa wazee. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake leo akumbuke neno la wahenga: hujafa hujaumbika.