Saa ya kalenda na "saa tisa" ya Mzungu

Haya jamani, leo nimekasirika. Mzee jirani yangu hapa Soweto West alirithi saa ya mkono ya bei kali kutoka kwa bosi wake wa zamani, ile ya kutia ufunguo, yenye tarehe. Karatasi ya Kiingereza ilikataza kusogeza tarehe kuanzia 9 usiku hadi 3 alfajiri. Mjukuu akamtafsiria "saa tisa hadi saa tatu". Mzee akaisogeza saa nne usiku, kak! Jino la gia likakatika.

Sasa wanamcheka ati hajui saa. Upuuzi! Anayesoma mshale ulio kwenye 9 kama saa tatu amekosea nini? Mwenye kosa ni mwandishi wa maelezo, na sisi maprogramu tunafanya ujinga huo huo kila siku. Andikeni mshale mfupi uko wapi, basi.

Ukiwa nayo, zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke yenyewe: hapo ni saa sita usiku. Endelea hadi saa kumi na mbili asubuhi, ndipo uweke tarehe ya jana, kisha zungusha tena ipite usiku wa manane. (Hata zile za kalenda ya kudumu, bei ya ploti, kwa kawaida zitakosea Machi 1, 2100, kwani 2100 si mwaka mrefu.)

Fundi wa mjini anataka pesa ambazo mzee hana.