MARADHI YA SIRI HAYAPONI KWA FIMBO

Miongoni mwa mambo ambayo watu hawapendi kuyataja barazani, ni machache yafichwayo kama hili: mtu mzima, mwenye kazi na nyumba, kushindwa kuacha kutazama picha za ngono katika simu yake. Leo aapa, kesho arudia. Alala alfajiri, afika kazini amechoka, fedha zake zaishia katika vifurushi, na mkewe akaa kama mjane ilhali mume yu hai. Mtu huyu yuko Dar es Salaam, yuko Mtwara mjini, na hapana sababu ya kudhani kwamba Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, hayuko.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni fimbo na aibu. Sisi hatukubali. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeitambua hali ya kushindwa kuzuia tamaa ya ngono kuwa ni maradhi. Lakini limeweka masharti: hali hiyo idumu muda mrefu, kwa mfano miezi 6 au zaidi, nayo imletee mtu dhiki kubwa au imharibie kazi, afya au jamaa zake. Tena limeonya kwamba kujilaumu tu, kwa kuwa dini au desturi yakataza, hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Basi si kila atazamaye ni mgonjwa, wala si kila mgonjwa ni mhuni.

Matibabu yake hayahitaji mitambo. Mgonjwa hukaa kwa siri na mtaalamu aliyefunzwa, juma baada ya juma. Huchunguza ni saa gani tamaa humjia na nini huitangulia: upweke, hasira, huzuni au kukosa kazi. Hujifunza kuiacha tamaa ipite bila kuitii, kama mvuvi aliachavyo wimbi lipite chini ya mtumbwi. Kuiweka simu mbali wakati wa kulala. Kumwambia mtu mmoja amwaminiye. Na kuanza upya akianguka. Ikiwa chini yake pana hofu au huzuni nzito, hiyo nayo hutibiwa. Watu wa Kitaya, ambao Oktoba 2020 walivamiwa na wenye silaha kutoka ng'ambo ya mto, wajua jinsi moyo uwezavyo kuumia. Hatusemi msiba ule ndio uliozaa tabia hii; twasema kwamba moyo nao wataka mganga, kama mwili.

Taifa letu halianzi leo. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu kwa methadoni watumwa wa heroini, watu ambao mitaani walizoea kutukanwa tu. Ilionekana kuwa matusi hayamrudishi mtu kazini.

Wala tusisahau vijana. Wazee wa Kimakonde hawakuyaacha mambo ya unyumba yafundishwe gizani; jandoni na unyagoni palikuwa na walimu. Leo simu humtangulia kungwi, nayo ni mwalimu asiyemjua mwanafunzi wala kumhurumia.

Hatusemi sheria ilegezwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuchapisha picha hizi, na ni haki. Asambazaye picha za mwenzake, au agusaye za watoto, ni mhalifu, na ugonjwa usiwe kinga yake. Lakini sheria humwadhibu mwuzaji, haimponyi aliyenaswa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Waganga na wauguzi, tangu zahanati za vijijini hata Hospitali ya Ligula, wafundishwe kuyapokea maradhi haya bila kucheka. Vyama vya wafanyakazi vimtetee mfanyakazi aendaye kutibiwa, asifukuzwe kwa kusema kweli. Na viongozi wa matawi wasiifanye siri ya mwanachama kuwa porojo za kijiwe.

Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapa wawili wa kwanza wamejificha nyuma ya aibu, na wa tatu awafuata nyumbani. Mficha uchi hazai. Ndugu mwenye shida hii, nenda ukaseme. Nanyi ndugu wengine, mwacheni aseme.