Tundu la Pili la Gitaa

BARAZANI
Na Othman Mwinyihaji

Katika mji wa Dublin, makao makuu ya Ayalandi, upo mtaa uitwao Grafton, mtaa wa maduka ya fahari ambamo watu hutembea kwa miguu, na ambao tangu zamani umekuwa jukwaa la waimbaji wasiokuwa na jukwaa jingine. Huko ndiko alikokwenda Glen Hansard akiwa na umri wa miaka 13, gitaa mkononi, baada ya kuiaga shule; na kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemhimiza kwenda ni mwalimu wake mkuu, ambaye aliona kwamba moyo wa kijana yule haukuwa kabisa katika vitabu, akamshauri akaanze kazi ya muziki chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayelazimika kusikiliza. Alikuwa amezaliwa mwaka 1970 na kukulia Ballymun, kiunga cha kaskazini ya mji kilichojulikana kwa majengo saba marefu ya ghorofa, kila jengo likichukua jina la mmoja wa watu waliotia sahihi tangazo la jamhuri la mwaka 1916, na ndani yake wakikaa watu ambao aghalabu riziki yao ilikuwa haba.

Nimemfikiria sana mwalimu yule, ambaye jina lake silijui. Mzazi gani katika sisi angalimshukuru mwalimu aliyemwambia mwanawe aache shule akaimbe njiani? Wala sitaki kijana yeyote asomaye safu hii afanye hivyo kwa idhini yangu. Walakini ni kweli kwamba mtaa ule ulikuwa chuo, na chenye mtihani mgumu. Mpita njia ana haraka zake. Anakupa muda wa hatua tano au sita tu, nawe katika muda huo ama umemsimamisha ama umempoteza, na hukumu yake huijui kwa maneno ila kwa mlio wa sarafu katika kasha la gitaa lililoachwa wazi miguuni pako, au kwa kimya. Hana hila wala upendeleo, na kesho atapita tena. Mwimbaji aliyelelewa na hakimu wa namna hiyo hawezi tena kudanganywa kwa urahisi na sifa za watu wenye maslahi yao.

Mwaka 1990 aliunda kundi lake, The Frames, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya Island ikatoa albamu yao ya kwanza. Mwaka huohuo sura yake ilienea ulimwenguni katika filamu ya Alan Parker, The Commitments, ambamo aliigiza mpiga gitaa. Lakini umaarufu ule ulikuwa wa mchezo wa kuigiza, na haukumsaidia sana katika nyimbo zake, kwa maana watu walimwita kwa jina la kwenye filamu. Mkataba wa Island ukakoma. Ukaja mwingine, wa kampuni ya London, nao ukapita. Kwa miaka kumi hivi kundi lile lilikuwa likijaza kumbi nyumbani na kurudi mikono mitupu kutoka kwa wenye mali, mpaka mwaka 2001, lilipotoa albamu ya For the Birds kwa chapa yake lenyewe, Plateau. Sehemu ya kazi ile ilirekodiwa Chicago na Steve Albini, fundi wa sauti aliyekuwa na msimamo wa ajabu katika biashara ile: alikataa kuchukua fungu lolote katika mauzo ya albamu za watu, akidai ijara ya kazi yake tu, kama alipwavyo fundi bomba, kwani wimbo aliuona kuwa mali ya aliyeutunga. Nadhani watu wale walikutana kwa kuwa walifanana. Miaka mitatu baadaye albamu nyingine ya kundi hilo, Burn the Maps, ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Ayalandi.

Sisemi kwamba kila mkataba ni pingu, maana The Frames wenyewe baadaye walishirikiana na kampuni ya Marekani kusambaza kazi zao huko. Nisemalo ni kwamba mwanamuziki anayejitegemea hajakosa bwana. Amekataa bwana mmoja mkubwa akawakubali maelfu ya mabwana wadogo, wale wanaolipa kiingilio mlangoni na kununua nakala mojamoja, na hao ndio anaowajibika kwao. Na mimi naona utumishi huo ni bora, ingawa malipo yake huchelewa sana.

Ukitaka kuuona ushahidi wa utumishi huo, litazame gitaa la Hansard. Ni gitaa la mbao la Takamine, lenye tundu la kutolea sauti kama magitaa ya aina hiyo; ila chini ya tundu hilo, upande wa mkono wa kulia unaposhukia, lipo tundu la pili ambalo hakulichonga fundi yeyote. Limechimbwa na mkono wake kwa miaka mingi ya kucharaza nyuzi kwa nguvu, kwa kile kidude ambacho wapigaji wetu wa udi hukiita risha, kikiparuza ubao kila kinaposhuka, kwanza rangi, kisha unyuzi wa mbao, hata ubao ukatoboka na kingo zake zikabaki zimechanikachanika kama mkeka uliochakaa. Mwenyewe hakuliweka kando akachukua jipya la kuonekana nadhifu. Ameendelea kulipiga hivyo hivyo mbele ya watu, na sauti inatoka.

Ndipo ikaja filamu ya Once. John Carney, aliyewahi kupiga gitaa la besi katika The Frames, alikuwa na hadithi ya mwimbaji wa njiani na msichana wa Kicheki auzaye maua; mwigizaji aliyekusudiwa, Cillian Murphy, alijitoa, na Hansard, aliyeombwa nyimbo tu, akajikuta ndiye mwimbaji mwenyewe, pamoja na Markéta Irglová, msichana aliyekuwa bado hajafika miaka 20. Ilipigwa kwa siku 17, kwa fedha kidogo, na katika mitaa ya Dublin kamera ziliwekwa mbali hata wapitao hawakujua kwamba wanapigwa picha. Nimeitazama mara tatu. Kila mara hunikaa moyoni ule mwanzo wake, ambapo mwizi anakwapua kasha la sarafu na mwimbaji anamkimbiza mpaka bustanini, na msichana yule anayeburuta mashine mbovu ya kufyonza vumbi barabarani ili mwimbaji, ambaye hutengeneza mashine kama hizo katika duka la babake, amtengenezee. Watu wawili hao hawakupewa hata majina.

Tarehe 24 Februari 2008 wimbo wao wa filamu ile, Falling Slowly, ulipata tuzo ya Oscar. Wengi humpima Hansard kwa usiku ule, nami naukumbuka kwa jambo jingine: yeye alipomaliza kushukuru, Irglová alikaribia kipaza sauti, na kabla hajatamka lolote muziki ukapigwa kuwaondoa. Baada ya mapumziko mshereheshaji, Jon Stewart, alimrudisha jukwaani peke yake, jambo lisilo la kawaida kabisa katika hafla ile. Msichana yule akautumia muda wake kuwataja wanamuziki wanaojitegemea, ambao sehemu kubwa ya maisha yao hupita katika dhiki, akasema ushindi ule ni wao pia.

Hansard alirudi kwao. Desemba 2016, watu wasio na makazi walipoingia Apollo House, jengo tupu la ofisi katikati ya Dublin, naye alikuwa miongoni mwa wasanii waliokuwa pamoja nao, hata mahakama ilipoamuru jengo lihamwe. Na kwa miaka mingi, katika mkesha wa Krismasi, amesimama tena Grafton pamoja na waimbaji wenziwe, wakubwa kwa wadogo, watu wakijazana mpaka njia ikafungika. Huimba katika baridi ileile aliyoimba akiwa na miaka 13, na sarafu hukusanywa kama zamani, ila hakuna hata moja anayoichukua: zote huenda kwa Simon Community, wanaowahudumia wale watakaolala nje usiku ule.