Jina Chini ya Picha: Kiswahili na Wanawake Wanaharakati Wenye Ulemavu

Picha ya sura ya mtu haijitoshelezi. Mtazamaji akishaiona, hutafuta maandishi yaliyo chini yake, na aghalabu maandishi hayo ndiyo yanayoamua kama aliyepigwa ameenziwa au amehurumiwa tu. Mpigapicha wa Kimarekani, Brian Lanker, alipiga picha za wanawake wanaharakati wenye ulemavu wa nchi mbalimbali kwa ajili ya shirika la Mobility International USA. Iwapo maonyesho ya aina hiyo yataandaliwa Mbeya au Iringa, swali la kwanza litakuwa la kiisimu: chini ya kila picha kuandikwe nini?

Hudaiwa kwamba maneno kipofu, kiziwi na kilema yanadhalilisha kwa kuwa yamo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Dai hili lina upungufu. Kijana na kiongozi yamo katika ngeli hiyo hiyo, na yote huchukua upatanisho wa viumbe hai: kiziwi amefika, kiongozi amefika. Aidha, viziwi wenyewe wamelihifadhi neno lao katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa hiyo tatizo si kiambishi, bali ni hali moja ya mwili kufanywa jina zima la mtu.

Tuchukue mfano wa marehemu Dkt. Elly Macha. Kuandika “mbunge kipofu” si uongo, lakini ni ukweli uliopunguzwa. Alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Leeds, na alikuwa mbunge wa viti maalumu tangu 2015 hadi alipofariki 2017. Vivyo hivyo, Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge 2008, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa. Huko Iringa, kituo cha Neema Crafts kilianza 2003 kwa vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi. Hapo ufundi ndio unaomtambulisha mtu.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba ulemavu usitajwe kabisa. Hilo nalo ni kosa, kwani kuuficha ni kufuta sababu ya harakati zenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 imetoa istilahi ya jumla, lakini sheria haiandiki maelezo ya picha. Inapendekezwa hapa kwamba litangulie jina, lifuate tendo, kisha hali, kwa neno alilolichagua mhusika.

Hapana budi wanafunzi wa uzamili wafike Mbeya na Iringa, ambako Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe na Kibena vina majina yake vyenyewe, wawaulize wanawake hao wanapenda kuitwaje. Kiziwi na kiongozi ni maneno ya ngeli moja. Anayestahili kuamua lipi litangulie ni mwenye sura.