Tairi Pana, Rimu Nyembamba: Kiki ya Kasumulu Inayoweza Kuua

Stori ya Kasumulu sasa hivi ni pikapu. Mwenyewe ni kijana wa pale mpakani, jina kapuni, anapiga biashara ya mpunga na hana shida ndogondogo. Gari kalinyanyua juu, akalipiga tairi za 33 zenye upana wa inchi 12.5, kisha akatupia picha karibu na daraja la Mto Songwe, malori ya kwenda Malawi yakiwa nyuma. Likes zikamwagika kama mvua ya Kyela.

Ila kuna kitu picha haikuonyesha: rimu ni zilezile alizonunua nazo gari, upana inchi 7.

Fundi wa kwanza alikataa kuzifunga. Akaitwa mshamba. Fundi wa pili akafunga, akachukua chake.

Sasa ukweli ni huu, na mshamba hapa siyo yule fundi wa kwanza. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaoifaa, na watengenezaji wanauandika. Tairi ya 31x10.50R15 inataka rimu ya inchi 7 hadi 9. Hiyo ya 33x12.50R15 inataka 8.5 hadi 11. Ukiibana kwenye 7, inavimba katikati kama andazi. Inakanyaga barabara kwa katikati tu, kashata za hapo zinaisha mapema wakati za pembeni bado mpya. Kwenye kona mbavu za tairi zinayumba, unakata usukani na gari linachelewa kutii.

Na kuweka rimu pana kupita kiasi nako siyo ujanja. Mbavu zinavutwa, rimu inabaki wazi kugongwa na mawe, na ukipunguza upepo ili upite kwenye mchanga wa Matema, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu.

Hapo bado hujaweka ule unyanyuaji. Gari likipanda juu, uzito nao unapanda, kupinduka kunakuwa rahisi. Tairi kubwa ni nzito, breki zinafanya kazi zaidi. Hata mshale wa spidi unadanganya: ukitoka tairi za 31 ukaweka za 33, mshale ukisoma 50 wewe uko kwenye 53. Trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za saizi ya tairi.

Watetezi wake wanasema, "Hela yake, gari lake, acheni wivu." Sawa, hela ni yake. Barabara je? Njia ya kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu ni mteremko, kona na mvua. Pembeni kuna akina mama na ndizi zao, wanafunzi wanatoka shule, bodaboda kapakia mshikaki. Hao hawakuchangia likes, lakini gari likigoma kukata kona, ndio watakaolipa bili. Na wadada wanaopanda nyuma kupiga selfie hawajui wamekalia nini.

Habari za chini ya kapeti ni kwamba jamaa mwenyewe ameshaanza kuogopa. Mteremko wa Tukuyu anaushuka taratibu mpaka daladala zinampita, ila kurudisha tairi za zamani anaona aibu, mashabiki watamcheka.

Aibu ya nini? Kuna njia mbili za heshima: anunue rimu za inchi 9 au 10 zinazoingia sawasawa bila tairi kusugua bodi, au ashuke kwenye 31x10.50 ambayo rimu zake za 7 zinaibeba. Gari litabaki kali na picha zitabaki kali. Na akirudi mjini, soda ya kwanza ampelekee yule fundi aliyeitwa mshamba. Alikataa hela ili mtu asife.

Wewe ungekuwa yeye, ungebadilisha rimu au ungeendelea kutafuta likes?