"Haionekani" Siyo "Imekufa"

Chuo kinaenda, test zimetubana kama kawaida, ila leo kuna jambo linanikera na lazima niliseme. Mtu anaunganisha kompyuta mpya, anawasha, anakuta kadi ya grafiki haionekani. Hapohapo anatokea mjuaji na hukumu mkononi: "Hiyo imekufa, tafuta nyingine." Jamani, imekufa kwa kipimo gani?

Juzi kijana wa kwetu Maruku alinipigia. Kajiunganishia mashine yake ili ahariri video za harusi, maana kule harusi haziishi. Pesa ni ya kahawa ya nyumbani. Kadi ni RX 580 ya mtumba kutoka Kariakoo, imepanda basi zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Bukoba.

"Kaka, shikamoo. Feni za kadi zinazunguka, ila Windows haiioni kabisa. Fundi kasema imeungua, na pawasaplai nayo nibadilishe."

"Marahaba. Ameijaribu kwenye mashine nyingine?"

"Hapana kaka, ameiangalia tu."

Ameiangalia tu! Huo ndio ugonjwa ninaousema.

Na sisi watu wa Maruku tungepaswa kuwa wa mwisho kuugua ugonjwa huo. Pale kwetu kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera kila mtu alijifunza kitu. Jani kuwa njano peke yake si ushahidi, unakata uone kama kuna utomvu wa njano ndani. Mwanzoni ushauri ulikuwa kung'oa shina zima. Baadaye ikaonekana kwamba kuwahi kukata ule mgomba mmoja unaougua nako kunasaidia. Sasa kama mgomba tunaupima kabla ya kuukata, kwa nini kadi ya laki kadhaa tuitupe kwa kuitazama?

Utaratibu wa haki unaanza na vya bure.

Kwanza, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Prosesa za Intel zenye F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina grafiki ya ndani. Ukichomeka kwenye mazabodi utaona giza hata kama kila kitu ni kizima.

Pili, umeme. Sloti yenyewe inatoa mpaka wati 75 tu. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GT 1030 inatosheka na sloti, RX 580 haitosheki. Na ule waya wa pini 8 wa prosesa siyo wa kadi hata kama sura zinafanana. Usiulazimishe, utaunguza kweli.

Tatu, zima, chomoa umeme, toa kadi, futa vumbi kwenye meno yake, irudishe kwenye sloti ndefu iliyo karibu na prosesa mpaka kishikizo kilie.

Nne, angalia BIOS kama inaiona, halafu Device Manager. Ukikuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", huenda kadi ipo ila haina draiva yake. Weka draiva kwanza, kulia baadaye.

Tano, azima mashine ya rafiki. Kadi yako iende kwake, yake ije kwako. Hapo ndipo unajua mgonjwa ni nani.

Yule kijana tulimaliza kwenye namba tatu, kwa simu tu. Kasha lake ni la bei poa na bati la nyuma limepinda, kwa hiyo kadi ilikuwa haijazama upande mmoja. Feni zilizunguka kwa sababu waya wa pini 8 unaleta umeme, lakini mazungumzo ya kadi na prosesa yanapita kwenye sloti. Akalegeza skrubu za mazabodi, akasogeza kidogo, akaisukuma mpaka ikalia "ta". Gharama: shilingi 0.

Najua kuna atakayesema kadi mbovu zipo. Zipo, tena nyingi. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi zilizochoka zilimwagwa sokoni, na nyingine wachimbaji walishachezea programu yake ya ndani. Zipo pia za bandia, mfano kadi ya zamani iliyobatizwa GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z ilianza kuzitambua mwaka 2018. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima! Muuzaji akigoma kurudisha pesa, utamjibu na nini kama ushahidi wako ni "fundi kaiangalia"?

Ila tusimrundikie fundi lawama zote. Tunaenda kwake, anahangaika saa 2, anagundua waya ulilegea, tunasema "si umechomeka tu?" na tunaondoka bila kumpa hata elfu mbili. Akiuza kifaa kipya ndipo anakula. Sasa mnategemea atasema nini? Sisi wateja ndio tumemfundisha kwamba kupima hakulipi na kubadilisha kunalipa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayesema kadi imekufa aonyeshe ilikofia, kwenye mashine nyingine nzima. Na fundi aliyepima vizuri alipwe kwa kupima, hata kama hakuuza kitu. Elfu tano ya kipimo ni ndogo kuliko gunia la kahawa lililoenda kununua kadi ya pili ambayo nayo, kwenye kasha lilelile lililopinda, isingeonekana.

Kazi kwenu wadau. Mie narudi kwenye notsi, kesho kuna test saa 2 asubuhi.