Siku Niliyotoa Ushuhuda



Juma hili niliahidi kuandika juu ya watoto na masomo ya jioni. Mtanisamehe, hayo yatangoja. Kuna jambo linanikaa rohoni tangu Februari 2025, na mama mmoja wa kikundi chetu ameniruhusu kuliandika, mradi nisitaje jina lake.

Siku zile mnazikumbuka. Goma ilikuwa imekwisha kubadilisha mikono mwishoni mwa Januari, na boti zikasimama ziwani. Ijumaa tarehe 14 Februari tukasikia ya Kavumu na uwanja wake wa ndege. Siku ya Mungu tarehe 16 mji wetu wa Bukavu ulikuwa na wakubwa wengine. Sina haja ya kusimulia zaidi, kila nyumba hapa Muhumba iko na hadithi yake. Banki zilifunga, na mwenye pesa ndani akawa sawa na asiye nayo.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa ameshuka Sange kununua mchele. Simu yake ikanyamaza. Siku tatu za kwanza nilimpikia na kumfunikia sahani mezani, siku ya nne nikaacha, kwani sikuweza tena kuitazama sahani ile. Usiku nilipiga magoti kando ya kitanda mpaka yakavimba. Siku ya kumi na moja nambari ya Burundi ikanipigia. Alikuwa Rugombo, ndani ya uwanja wa mpira, pamoja na maelfu ya watu waliovuka mto Ruzizi kama yeye. Aliazima simu ya mtu, akasema maneno machache tu: niko mzima, Mama, mchele umepotea. Mchele! Nilicheka na kulia kwa pamoja, jirani wakadhani kuna msiba.

Siku ya Mungu iliyofuata nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Niliimba, nikacheza, korali ikanipokea. Nikasema kwamba Mungu anasikia mama anayepiga magoti usiku. Watu wakaitika amina kwa sauti kubwa.

Kwenye benchi ya pili alikuwa ameketi mama ninayemwambia habari yake. Mtoto wake alitoka nyumbani Ijumaa ile ile ya tarehe 14, akaenda upande wa Kavumu. Hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemzika. Baada ya ibada mama huyo alinikuta kwenye ngazi. Hakunikaripia. Alinishika mkono, akasema, “Mama, mimi pia nilipiga magoti.”

Basi. Akashuka ngazi akaenda zake.

Nilirudi nyumbani nikaunguza maharagwe. Nilijua kwamba nilichosema kanisani hakikuwa uongo, lakini kilikuwa nusu ya jambo, na nusu ile nilimpiga nayo mwenzangu usoni.

Tangu hapo nimesoma Matendo ya Mitume sura ya 12 mara nyingi. Sisi tunapenda kuanzia pale Petro anapotoka gerezani: malaika, minyororo kuanguka, mlango wa chuma kufunguka wenyewe. Tunapenda sana na yule msichana Roda, aliyefurahi hata akasahau kumfungulia Petro na kumwacha nje akipiga hodi. Lakini sura haianzii hapo. Inaanza na Herode kumuua Yakobo, ndugu ya Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja mfupi, kisha habari inaendelea. Kanisa ni lile lile na mfalme ni yule yule, mmoja akauawa na mwingine akaokoka. Je, walimwombea Petro kuliko Yakobo? Maandiko hayasemi hivyo hata kidogo.

Watu walikuwa wanaomba nyumbani kwa Maria, mama yake Yohana Marko. Nyumba ya mama! Mimi hujiuliza kama mama yake Yakobo, mke wa Zebedayo, alikuwa chumbani mle usiku Petro alipobisha. Haijaandikwa. Kama alikuwamo, aliusikia mlango ukifunguka kwa ajili ya mtoto wa mwingine.

Wala tusiende mbali hadi Yerusalemu. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Daktari Denis Mukwege hapa Bukavu. Yeye alipona. Akaondoka nchini na jamaa yake, na wamama maskini, wengine wakiishi kwa chini ya dola moja kwa siku, wakauza mananasi na vitunguu ili wamlipie tikiti ya kurudi. Alirudi tarehe 14 Januari 2013, na miaka mitano baadaye, 2018, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Habari hiyo tunaisimulia kwa furaha, na inafaa kusimuliwa. Lakini usiku ule mlinzi wake alipigwa risasi akafa. Naye alikuwa mtoto wa mama.

Na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa? Katika vita ya 1996 hakukimbia mji, alibaki na watu wake. Tarehe 29 Oktoba alikamatwa na kuuawa Nyawera, mahali tunapopita kila tunapokwenda sokoni. Nani kati yetu atathubutu kusema imani yake ilikuwa ndogo kuliko ya yule aliyepona?

Ndiyo maana siku hizi nakasirika nikisikia mahubiri fulani. Mama huyu aliambiwa na mtu mmoja wa maombi kwamba mtoto harudi kwa sababu yeye anashuka moyo, na kwamba akipanda mbegu ya dola hamsini mlango utafunguka. Aliuza vitenge viwili, vya wax, vya arusi ya dada yake. Mlango haukufunguka. Kisha akaambiwa kuna dhambi katika nyumba. Wamama, mzigo wa kumngoja mtoto unatosha. Tusimwongezee mtu mzigo wa kumpimia imani kwa kilo kama makala.

Kumtumaini Mungu, jinsi ninavyoelewa sasa, si kuwa na hakika kwamba habari itakuwa njema. Sikuwa na hakika hiyo hata dakika moja katika siku zile kumi na moja. Niliomba nikitetemeka, na siku nyingine nilimkasirikia Mungu kwa sauti. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini, na hakuwafukuza. Kama simu ile isingelia, ningekuwa mama yule yule mwenye magoti yale yale yaliyovimba. Sijui ningesema nini kwenye ibada. Labda nisingesema kitu, na mtu angepaswa kuketi kando yangu.

Kwa hiyo katika kikundi tumebadilisha desturi moja. Kabla ya shuhuda, tunawapa nafasi wale ambao bado wanangoja. Mtu anasema anachongoja, basi. Hatujibu, hatutoi mstari wa Biblia haraka haraka, tunakaa kimya kidogo halafu tunaimba. Mara ya kwanza ilikuwa vigumu, ninyi mnajua sisi na kukaa kimya! Sasa wako mama wanaokuja kwa ajili ya saa hiyo: anayengoja matokeo ya vipimo vya ziwa, anayengoja bwana aliyekwenda Kamituga kuchimba dhahabu na haandiki.

Jambo lingine, na hili mlipeleke kwa majirani. Wenye kupotewa na mtu katika vita wanaweza kwenda kwa Msalaba Mwekundu, kuandikisha jina lake, mahali alipoonekana mara ya mwisho na nguo alizovaa. Ile Kamati ya Kimataifa, CICR, inafanya kazi ya kutafuta watu pamoja na Msalaba Mwekundu wa nchi, na wanatafuta hata ng'ambo ya mpaka. Kazi hiyo hailipishwi hata franga moja. Nilimsindikiza mama yetu. Alijaza karatasi kwa mkono wake, akaeleza na kovu lililo juu ya nyusi ya kijana, alilolipata akiwa mdogo alipoanguka kwenye miamba ya ziwa.

Hajapata jibu. Lakini kuna kitu kilitokea kwenye AVEC yetu Alhamisi iliyopita. Sanduku likafunguliwa kwa funguo zake tatu, kila mtu akanunua hisa kama kawaida. Ilipofika zamu yake akaweka pesa ya hisa mbili, akatoa vitabu viwili, chake na kipya. Kwenye kile kipya alikuwa ameandika jina la mtoto wake. Sheria yetu inasema mwanachama lazima awepo. Mwenye kuandika alitazama kitabu, akamtazama mwenyekiti, hakuna aliyesema neno. Kisha akachukua muhuri, akaupuliza kwa pumzi kwa kuwa wino ulikuwa umeanza kukauka, akapiga.